Karata Thelathini za Anayeanza

Ambato, 12 Septemba 2022

Nube mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na masista wenzako, pamoja na Mama Mkuu ambaye najua anaisoma kabla yako. Mama Mkuu, shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mvua zimechelewa, mapera yamekuwa madogo mwaka huu, na yule mbwa wa jirani aliyekuwa akikukimbiza ukienda shule amezeeka hata kubweka anaona kazi. Mimi bado niko kwenye kiwanda cha viatu, nakata ngozi. Baba yupo, anakusalimu kwa namna yake, yaani hajasema kitu.

Unisamehe ninapokuita Nube. Najua huko una jina jingine miaka sita sasa, lakini kalamu yangu haijalizoea.

Nina shida ndogo, na wewe ndiye wa kunisaidia. Kuna mtu hapa kazini, mtu mzima, ameanza kucheza Falme Tisa kwenye simu. Ndiyo, mchezo wako ule. Hajui chochote. Mchezo humpa anayeanza karata sitini za bure, na kati ya hizo achague thelathini za kuingia nazo vitani. Yeye anachagua kwa kuangalia picha. Anafungwa mpaka namwonea huruma. Nilimwambia namjua mtu aliyewahi kushika nafasi ya tatu nchi nzima kwa karata hizohizo, sikumtaja jina.

Nimekunakilia karata zote sitini nyuma ya ukurasa, na gharama zake. Kama sheria za huko zinakuruhusu, mchagulie thelathini.

Kaka yako,
Fabián


Cuenca, 3 Oktoba 2022

Kaka Fabián,

Amani ya Bwana iwe nanyi nyumbani. Barua yako imenikuta mzima, ila mikono imechubuka, maana huu ni mwezi wangu wa kuoka hostia, ile mikate ya Misa, na chuma kile kinawaka kweli. Tumepata novisi mpya kutoka Azogues, ndiyo anaanza utawa, anaimba vizuri na kupika vibaya. Msalimie sana Baba. Mwambie nimemsalimu, hata kama atajifanya hasikii.

Mama Mkuu aliniita baada ya kusoma karatasi yako. Aliniuliza kama hizo ni karata za kamari. Nikamweleza kwamba hapana, ni mchezo wa akili, hakuna anayepoteza kitu isipokuwa usingizi. Akaniuliza kwa nini basi uso wangu umekuwa mwekundu. Nilikuwa sijayasoma majina hayo tangu siku niliyoiacha simu yangu kwenye droo pale nyumbani. Panya wa Mgodi! Mbeba Habari! Niliyasoma kama mtu anayeitiwa majina ya wanafunzi aliosoma nao.

Haya, sikiliza. Kosa la wote wanaoanza ni kupenda majitu. Karata hulipiwa kwa cheche, na kila zamu mchezaji anapata cheche moja zaidi ya zamu iliyopita. Zamu ya kwanza ana moja, ya pili mbili. Jitu la Theluji linakula cheche nane. Sasa huyo rafiki yako zamu saba zote anafanya nini? Anakaa anatazama karata zake nzuri mkononi huku anachapwa.

Achukue karata kumi za cheche moja na mbili: Panya wa Mgodi, Mlinzi wa Daraja, Mganga wa Nyasi na wenzao. Nane za cheche tatu. Sita za nne na tano. Kubwa ziwe mbili tu, asiongeze hata moja. Nne zinazobaki ni za Mbeba Habari na ndugu yake, ambazo humruhusu kuvuta karata nyingine, kwa sababu mtu aliyeishiwa karata mkononi ni mtu aliyekwisha. Na kila karata aichukue mara mbili, ili aizoee na imtokee kwa wakati. Nimeweka alama ya msalaba kwenye zile thelathini.

Uniambie ni mtu wa namna gani. Anapenda kushambulia au kungoja? Fungu la karata hufuata tabia ya mtu.

Jambo langu moja. Nadhiri zangu za daima zimepangiwa Jumamosi ya tarehe 6 Mei. Baada ya hapo nimo humu mpaka kuzikwa. Ningependa sana Baba aje. Sijui nikwambie umwambie au usimwambie. Alisema nisimwandikie, sijamwandikia.

Dadako,
Sista Inés (Nube)


Ambato, 31 Oktoba 2022

Nube,

Nakuandikia nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Tumetengeneza mikate ya Siku ya Marehemu, ile yenye umbo la watoto, kwa ajili ya kaburi la Mama, na uji wa zambarau umefurika jiko zima. Baba alisimamia. Alisema mkate wangu unafanana na ngozi ninazokata. Keshokutwa tutakwenda makaburini mapema kabla hakujajaa watu. Baba siku hizi anakula bila chumvi, kwa hiyo analalamikia kila sahani isipokuwa ile tunayompelekea Mama.

Rafiki yangu nilimpa orodha yako. Niliinakili kwanza kwa mwandiko wangu. Aliisoma kuanzia juu mpaka chini kisha akasema, "Huyu anayekushauri anataka nipigane na vipanya?" Akatoa Panya wawili, akatoa Mlinzi mmoja, akarudisha majitu matatu. Amefungwa mara kumi na moja mfululizo. Nilimwambia kichwa chake ni kigumu. Akasema kichwa kigumu ndicho kilichomlea mpaka umri huu.

Umeuliza tabia yake. Ni mtu wa kungoja, lakini hapendi kuonekana anangoja. Anapata muda mwingi wa kucheza, maana siku tatu kwa wiki anakaa kwenye kiti kimoja saa nne bila kuinuka. Anataka ushauri mwingine. Aliuliza mwenyewe, "Yule mtu wako hajasema kitu kingine?"

Kuhusu tarehe 6 Mei, nimesoma. Nipe muda.

Fabián


Cuenca, 18 Novemba 2022

Kaka,

Amani kwenu. Huku tu wazima. Bustani imetoa kabichi nyingi kuliko masista, na novisi wa Azogues sasa amehamishiwa bustanini ili jiko lipumzike.

Naandika haraka kwa sababu Majilio yanaanza tarehe 27, na wakati wa Majilio hatupokei barua wala hatuandiki. Kila inayofika inaingia kwenye droo ya Mama Mkuu mpaka Krismasi. Ndivyo ilivyo pia Kwaresima, mpaka Pasaka. Unalijua hilo, lakini huwa unalisahau.

Fabián, mimi si mtoto. Mtu anayekula bila chumvi. Mtu anayekaa kwenye kiti kimoja saa nne, siku tatu kwa wiki. Sista wetu mmoja mzee alikuwa akipelekwa kwenye kiti kama hicho, kwenye mashine ya kusafisha damu, mpaka alipotutoka mwaka juzi. Na mtu anayeita karata ndogo vipanya namjua mmoja tu, ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Ni Baba? Niambie ni Baba, na niambie ni tangu lini. Usinichagulie la kujua.

Kama ni yeye, mwachie jitu moja analolipenda zaidi. Moja. Badala ya mengine aongeze Mganga wa Nyasi wawili, maana Mganga humrudishia uhai kidogo kila zamu na Baba atahitaji zamu nyingi. Mtu wa kungoja apewe karata za kumsaidia kungoja. Ninaomba kila siku na sijui naomba nini.

Nube


Ambato, 9 Januari 2023

Nube mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa nyumba nzima. Tulikula llapingachos, zile chapati za viazi, siku ya Krismasi, viazi vyake vimechemshwa mara mbili kama daktari alivyoagiza, na vilikuwa havina ladha ya kitu chochote. Jirani alituletea jibini, Baba akaitazama tu.

Ni Baba. Ni figo, tangu Julai. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka asubuhi na kumchukua mchana. Aliniapisha juu ya picha ya Mama kwamba sitakuandikia habari za ugonjwa wake. Alisema, "Akija, atakuja kwa kunionea huruma, na mimi huruma yake siitaki. Asipokuja ndiyo itakuwa mbaya zaidi." Niliona nisiposema jina lake nitakuwa sijavunja kiapo. Ni ujinga, najua.

Mchezo ulianza hivi. Wiki ya kwanza ya mashine alirudi nyumbani akaingia chumbani kwako, akafungua droo, akatoa simu yako akaichaji. Nilidhani anatafuta picha. Nilimkuta amefungua Falme Tisa, anatazama jina lako pale juu na zile medali. Akaniuliza, "Hiki ndicho alichokuwa akifanya usiku mpaka namgombeza?" Nikasema ndiyo. Kisha akasema mtu anayeweza kuacha kitu anachokipenda hivi, basi na sisi alituacha akiwa anatupenda, au hakupenda chochote, si sisi wala mchezo. Akataka kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Kesho yake alinifanya nimwekee mchezo kwenye simu yake, ajifunze mwenyewe.

Hajui kwamba unayemchagulia karata ni wewe. Anadhani ni mtu wa kiwandani. Anasema ana akili lakini ana kiburi.

Tangu nimpe ule ushauri wa Mganga, ameshinda mara mbili. Jumatano moja alishinda akiwa kwenye mashine, akainua mkono ule usio na sindano, nesi akakimbilia akidhani amezidiwa.

Kuhusu Mei, sijui. Kutoka hapa mpaka Cuenca ni saa saba za milima, na hawezi kukaa siku tatu bila mashine. Na bado ni yuleyule aliyekwambia mlangoni kwamba ukipita hana binti. Hajawahi kuyarudia maneno yale, lakini hajayafuta pia.

Fabián


Cuenca, 30 Januari 2023

Kaka Fabián,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, kisha nikaisoma tena. Salamu zangu kwenu, nisamehe nisipoandika za kabichi.

Nilikwenda kwa Mama Mkuu. Aliniambia kitu ambacho sikukitarajia. Kwa kuwa sijaweka nadhiri za daima, anaweza kunipa ruhusa ya wiki mbili nije nyumbani nimuuguze Baba, kisha nirudi. Alinipa siku tatu za kufikiri.

Nimekataa. Nakueleza wewe ukweli ambao sijamwambia hata yeye. Nikija, nikamwona Baba amekaa kwenye kile kiti, nikalala chumbani kwangu, nikasikia redio yake asubuhi, sitarudi. Najijua. Nitajiambia wiki moja zaidi, kisha moja zaidi. Na ninayataka maisha haya, Fabián. Ninawataka na nyinyi. Watu wanadhani aliye huku ndani ameacha kutaka. Mimi kila nikioka, harufu ya unga inanipeleka kwenu, na mwezi huu tena naoka kila siku.

Kwa hiyo aje yeye, hata kama ni saa saba za milima. Mwambie kila kitu. Mwambie mimi ndiye niliyeweka misalaba kwenye zile karata. Mwambie namwomba aje kabla sijaweka nadhiri, tuonane hapa kwenye nondo za chumba cha wageni, na kwamba kama hatakuja nitaweka nadhiri hizo hivyohivyo, na nitalia.

Fanya haraka. Kwaresima inaanza tarehe 22 Februari.

Nube


Ambato, 17 Februari 2023

Nube,

Mji umejaa. Karnivali ni kesho, Sikukuu ya Maua na Matunda imefunga barabara zote, na mbele ya kiwanda wanapamba gari kwa mikate na zabibu. Nimeandika hii nikiwa nimesimama.

Nilimwambia Baba juzi akiwa kwenye mashine, mahali ambapo asingeweza kuondoka. Nilimpa barua yako aisome. Akaikataa. "Ina jina langu?" Nikasema haina. "Mimi sisomi barua ya mtu mwingine." Nikamsomea kwa mdomo, akageukia ukutani. Nilipomaliza alisema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Miezi mitano umenidanganya. Nitajuaje hili si lako? Akitaka nije aniandikie mimi. Jina langu juu, mwandiko wake. Sitakwenda kubisha hodi mahali nisipoitwa."

Ni hilo tu, Nube. Barua yenye jina lake. Andika mara uipatapo hii.

Fabián

Jumanne, 21 Februari. Naongeza hapa pembeni. Baba alinizuia Ijumaa nisiipeleke, alitaka kuongeza mstari, kisha akaona bora asiongeze. Jumamosi nilikuta posta imefungwa kwa ajili ya sikukuu. Jumatatu imefungwa, leo pia. Itafunguliwa kesho, Jumatano ya Majivu. Nimesimama mbele ya mlango wa posta na maua yamenijaa kichwani, na najua barua hii itakwenda moja kwa moja kwenye droo. Nilipiga simu kwenu, sista wa mlangoni akanipokea vizuri na kuniambia kama hakuna aliyefariki basi itangoja. Nilitamani kusema uongo. Sikuweza.


Cuenca, 10 Aprili 2023, Jumatatu ya Pasaka

Kaka,

Kristo amefufuka. Mama Mkuu alinipa barua yako jana baada ya Misa, na kwa mara ya kwanza alinipa na karatasi mbili badala ya moja. Siku arobaini na sita nimekuwa nikidhani Baba amesikia na amekataa. Nimefunga kwa mkate na maji kwa ajili ya jibu lililokuwa limelala chumba cha pili.

Karatasi ya pili imo humu ndani, imekunjwa. Usiisome. Ina jina lake juu, Don Abelardo Sisalema, na chini yake nimeandika Baba. Ni mistari minne tu, ila imenichukua mchana mzima.

Mpe akiwa na miwani yake. Uniambie alifanya nini.

Nube


Ambato, 20 Aprili 2023

Nube mdogo wangu,

Pasaka njema. Ilifika jana, na jana ilikuwa Jumatano, kwa hiyo nilimpelekea palepale kwenye mashine.

Kwanza nikwambie kitu ambacho sikukuandikia. Tangu Jumatano ya Majivu Baba hakucheza. Wiki sita na zaidi alikaa saa nne akitazama dari. Nesi alimuuliza kama simu imeharibika. Akasema, "Kama wao wanafunga barua, mimi nafunga karata. Tuone nani atachoka." Nilimwambia hiyo ndiyo sheria ya nyumba yenu, si kukataa kwako. Akasema anaijua sheria, ila siku arobaini ni nyingi kwa mtu anayengoja.

Nikashangaa anaijua vipi. Jana ndipo nilipopata jawabu. Alisoma mistari yako minne. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaniambia nimletee koti lake. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na barua zako, Nube. Ile ya Oktoba, ya Novemba, ya Januari. Mimi nilikuwa nikizificha ndani ya buti zangu za mvua, nikidhani hakuna mahali salama zaidi. Yeye alikuwa akizitoa, anazisoma nikiwa kazini, anazirudisha, mpaka wiki hii alipochoka kuzirudisha.

Nikamwambia, "Kwa hiyo ulijua tangu Oktoba ni Nube." Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini alizitupa karata ulizomchagulia akaenda kufungwa mara kumi na moja kwa yale majitu. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Ningeshinda, angeandika nini tena?"

Mzee wa kitanda cha pili alicheka mpaka mashine yake ikapiga kengele.

Anakuja. Nimepata kituo cha kusafishia damu huko Cuenca kitakachompokea Ijumaa ya tarehe 5. Tutaondoka Alhamisi alfajiri, na mchana tutakuwa mlangoni kwenu. Ameninunulia soksi mpya ili nisimwaibishe.

Fabián


Cuenca, 21 Mei 2023

Kaka Fabián,

Amani kwenu nyote wawili. Baada ya nadhiri tunakaa kimya wiki mbili, ndiyo maana nimechelewa. Asante kwa kusimama kanisani ukimshikilia Baba. Niliwaona kwa kupitia nondo wakati wa litania, nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni kama ibada ya nadhiri inavyotaka, nimegeuza shingo kidogo. Si ruhusa, lakini niliwaona.

Mama Mkuu ameniambia ulipiga simu kuuliza Baba alisema nini ile Alhamisi alipokuambia ubaki uani. Unasema njia yote mpaka Ambato hakufungua mdomo, na mpaka leo ukimuuliza anaongeza sauti ya redio. Basi nitakwambia mimi, kwa sababu ulitubeba sote wawili na huna hata neno moja la kubaki nalo.

Tulipewa nusu saa. Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, kofia magotini. Amepungua, Fabián. Hukuniandikia kiasi alichopungua, na nashukuru hukuniandikia. Dakika ishirini nzima alizungumzia karata. Alitaka kujua kwa nini nilimwekea Walinzi wa Daraja wawili badala ya Mvua ya Mawe. Nikamweleza. Akabisha. Nikamwonyesha kwa vidole juu ya ubao wa dirisha, hii ikitoka hapa, ile inazuia pale, naye akawa anasogeza vidole vyake upande wa pili wa nondo, akanifunga zamu ya sita kwa karata nilizomchagulia mwenyewe. Alifurahi kama mtoto.

Sista wa saa akagonga, maana yake zimebaki dakika tano. Baba akaigeuza kofia yake mara nyingi. Kisha akaniuliza, "Una raha humu?"

Niliogopa swali hilo miaka sita, Kaka. Nilijua nikisema hapana atanichukua, na nikisema ndiyo nitamuumiza. Nikasema, "Ndiyo, Baba. Nina raha."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuinuka. Nikaona anangoja, ingawa hakutaka nione kwamba anangoja. Nikamwambia lile ambalo sikulipanga. Nikasema, "Na kila siku nawakosa. Kila siku, Baba. Haijawahi kupungua."

Hapo akafunika uso kwa kofia. Alikaa hivyo mpaka sista alipogonga tena. Alipoishusha alisema, "Hilo la pili ndilo nililofuata. Nilidhani mtu akishakuwa na raha hamkosi mtu."

Kisha akapitisha vidole viwili kwenye nondo, vile tu vilivyoweza kupita, nikavishika mpaka mlango ukafunguliwa.

Dadako,
Nube